Usiendeshe hiyo ON CONFLICT DO NOTHING, utafuta Tanzania Bara nzima

Mkuu, simama hapo hapo. Toa mkono kwenye Enter.

Umesema jedwali lako la PostGIS (database ya ramani) tayari lina kaunti za Kenya, unataka kuongeza mikoa ya Tanzania humo humo, inakugomea kwamba id (namba za utambulisho) zinajirudia, na jamaa hapo juu kakwambia weka ON CONFLICT (id) DO NOTHING, yaani id ikijirudia ruka mstari huo, kosa liondoke. Litaondoka kweli. Litaondoka na Dodoma, Arusha, Mwanza na ndugu zao wote.

Angalia namba zenyewe. Kaunti zina kodi (code, si ushuru) 001 Mombasa, 002 Kwale, mpaka 047 Nairobi. Kodi za NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, zinazotumika kwenye sensa zinaanza 01 Dodoma, 02 Arusha, 07 Dar es Salaam, na Bara inaishia 26 Songwe. Zanzibar ina 51 hadi 55. Id yako ni integer, sifuri za mbele zimeshakufa, kwa hiyo Dodoma akifika anakuta Mombasa kakalia kiti namba 1. DO NOTHING inamrudisha mlangoni kimya kimya. Mikoa 26 ya Bara inarudishwa yote, inapita mitano tu ya Unguja na Pemba. Yalinikuta hayo hayo: mimi niliuvunja Muungano wa 1964 kwa mstari mmoja wa SQL na hakuna aliyekuja kunikamata.

Na hiyo wala si hasara yenyewe. Hasara ni majedwali yanayotegemea hilo. Tulikuwa na jedwali la zahanati lenye safu ya mkoa_id. Zahanati za Temeke na Kinondoni zina 7, na 7 iliyobaki kwenye jedwali ni Garissa. JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, ikakubali. Foreign key (sharti kwamba namba lazima iwepo kwenye jedwali la mikoa) nayo ikaridhika, si 7 ipo? Za Mwanza zikahamia Nyeri, maana wote ni 19. Ripoti ikaenda kwa mfadhili ikionyesha Garissa ina zahanati kila kona, mpaka mtu mmoja kule akauliza mbona kwenye ramani nukta zimejaa Dar lakini jumla zinasomeka Garissa. Mradi haukuongezewa muda. Sisemi ni kwa sababu hiyo, ila mnajua.

Kusafisha ndiko kulikonizeesha. Chanzo cha kila rekodi hatukukihifadhi, kwa hiyo 7 ya Kenya na 7 ya Tanzania zikawa kitu kimoja. Zenye GPS tuliziokoa kwa ST_Within, inayoangalia nukta iko ndani ya mpaka gani. Zisizo na GPS ilikuwa kupiga simu: "Samahani dada, zahanati yenu iko nchi gani?" Usicheke.

Na yule mshauri aliyetufundisha hii kitu, popote alipo, Mungu anamwona. Falsafa yake ilikuwa moja, kosa likitokea linyamazishe. Tulimwamini kwa sababu alikuwa anachapa haraka bila kuangalia kibodi. Kumbe psql (programu ya kutuma amri kwenye database) yenyewe ilikuwa inasema ukweli, INSERT 0 5, mitano tu imeingia, lakini skripti yake ilikuwa inatupa matokeo yote /dev/null, shimo ambalo kitu kikiingia hakionekani tena. Hata shahidi alimfukia.

Sasa shika hili, mengine yote unaweza kusahau: namba haiingii kwenye jedwali la pamoja bila chanzo chake. Weka PRIMARY KEY (chanzo, kodi), yaani kitambulisho cha kila mstari kiwe jozi hiyo, kodi iwe text ili 047 ibaki 047, na jedwali la zahanati libebe safu zote mbili. Narudia, CHANZO, si nchi. Kwenye ISO 3166-2, kodi za kimataifa za mikoa, TZ-02 ni Dar es Salaam, wakati 02 ya NBS ni Arusha. Nchi ile ile, namba ile ile, mikoa miwili tofauti. Ukiandika 'TZ' tu umerudi kule kule.

Atakuja mtu kukwambia jumlisha 1000 kwa mikoa ya Tanzania. Mwambie asubiri siku Uganda ikija na mwenzake naye kajumlisha 1000. Wa UUID (kitambulisho kirefu cha kubahatisha) naye, pakia faili lile lile mara mbili uone kila mkoa ukipata pacha. Na gid inayowekwa na shp2pgsql, programu ya kupakia mafaili ya ramani, usiichukulie kama kitambulisho, ni namba ya mpangilio tu, kila jedwali jipya linaanza na 1.

Pakia kwanza kwenye jedwali la muda, kisha INSERT ya kawaida bila ON CONFLICT yoyote. Ikilia, iache ilie, soma inalilia nini.

Uliuliza pia kuhusu Arc 1960 (mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani) na indeksi, sijui nini kingine. Wapo wataalamu humu watakujibu. Wewe ukimaliza endesha SELECT chanzo, count(*) ukiwa na GROUP BY chanzo. Chanzo cha Kenya 47, cha Tanzania 31. Ukiona Tanzania 5, usitume ripoti.