Mizinga ikinyamaza, Urusi itakula nini?

Barua za wiki hii karibu zote zinaulizia jambo moja: vita vya Ukraine, vilivyoanza Februari 24, 2022, vikiisha, Urusi itakuwa nchi ya namna gani? Nimechagua tano.

Je, itasambaratika kama Umoja wa Kisovieti mwaka 1991? (Msomaji, Tanga)

Sidhani. Umoja ule ulikuwa na jamhuri 15, na haki ya kujitoa ilikuwa imeandikwa kwenye katiba. Warusi kwa kabila walikuwa kama nusu tu ya wananchi. Leo ndani ya Urusi ni zaidi ya 7 katika kila watu 10, na jamhuri kama Tatarstan imezungukwa na ardhi ya Urusi pande zote. Ikijitoa itapitia wapi? Chechnya ilijaribu, ikapigwa vita mara mbili. Moscow ikilegea, magavana wataanza kuota mapembe, hilo naliona. Nchi kuvunjika ni habari nyingine.

Putin akiondoka, nani anashika? (Msomaji, Nakuru)

Kikatiba, Waziri Mkuu anakaimu na uchaguzi unafanyika ndani ya miezi mitatu. Mikhail Mishustin, aliyepewa uwaziri mkuu Januari 2020, alitokea kwenye ukusanyaji wa kodi. Ila katiba hiyohiyo ilirekebishwa mwaka 2020 ili Putin aweze kukaa hadi 2036, atakapokuwa na miaka 83. Waliothubutu kumsumbua hawapo: Prigozhin, mkuu wa jeshi la kukodi la Wagner, alianguka na ndege miezi miwili baada ya kuasi, na Navalny, mpinzani wake mkubwa wa kisiasa, akafia gerezani Februari 2024. Majina tuyaache. Penye mambo ni kwenye fedha.

Vikwazo chungu nzima, mbona hawafilisiki? Amani ikija si ndiyo watapumua? (Msomaji, Mwanza)

Hapa tukae kidogo. Hawafilisiki kwa sababu vita vyenyewe vimegeuka mwajiri. Katika bajeti ya 2025, karibu theluthi ya matumizi ya serikali kuu ilikwenda kwenye ulinzi. Tazama Nizhny Tagil, mji ulio kwenye milima ya Ural. Kiwanda chake kikubwa kinaitwa Uralvagonzavod, yaani kiwanda cha mabehewa cha Ural, na kweli mabehewa kinatengeneza, lakini kinachokilisha ni vifaru. Oda za vifaru zikikatika, muuza mkate wa mji ule atajua kabla ya waziri.

Na si mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliviagiza viwanda vya silaha vitengeneze vitu vya matumizi ya nyumbani. Miaka michache baadaye, wafanyakazi wa viwanda hivyo walikuwa wakikaa miezi bila mshahara.

Huku nje ya viwanda vya silaha, Oktoba 2024 Benki Kuu ilipandisha riba hadi asilimia 21. Mwenye karakana ya samani angekopa kwa riba hiyo auze viti kwa bei gani? Gesi nayo imepoteza soko. Kabla ya vita Ulaya ilikuwa ikinunua kama mita za ujazo bilioni 150 kwa mwaka. Bomba la Siberia kwenda China linabeba 38. Ukibakiwa na mnunuzi mmoja, bei anapanga yeye.

Kwa hiyo watapumua, ila baada ya kuugua kwanza.

Na askari wakirudi makwao? (Msomaji, Bukavu)

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mwaka 2024 aliyejiandikisha Moscow aliahidiwa rubli milioni 1.9 kwa kutia saini tu, zaidi ya dola 20,000. Kwa kijana wa Tuva, moja ya sehemu maskini kabisa za nchi, fedha hizo hajawahi hata kuziota. Akirudi na mguu mmoja, nani atamlipa kiasi kile? Wengine walitolewa magerezani moja kwa moja hadi mstari wa mbele. Vita vya Afghanistan, kati ya 1979 na 1989, viliua askari wa Kisovieti kama 15,000, na baadhi ya waliorudi wakaishia kwenye magenge. Safari hii BBC na Mediazona, tovuti huru ya habari ya Kirusi, wameshathibitisha kwa majina vifo zaidi ya 100,000.

Shikamoo mwandishi. Mdogo wangu kaona tangazo la kazi na mafunzo Urusi, kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22. Aende? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Kama ni Alabuga, eneo la viwanda kule Tatarstan, mzuie kwanza. Mwaka 2024 shirika la habari la AP lilizungumza na wasichana wa Kiafrika waliokwenda wakitarajia kazi kama za upishi, wakajikuta wanaunda droni za kivita. Aprili mwaka huohuo droni za Ukraine zilipiga hosteli ya palepale, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani.

Na usidhani vita vikiisha matangazo yataisha. Urusi imepoteza vijana, wengine wamehama, na watoto wanaozaliwa wanapungua. Itatafuta mikono popote. Mdogo wako aulize kazi yenyewe ni ipi hasa, mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na pasipoti itakaa kwa nani.