Wadogo zangu wa gereji, globu haishikwi kwa supa glu

Jana jioni hapa Igoma, Mwanza, nimemkuta kijana aliye kwenye mwezi wake wa pili wa kujifunza kainamia taa ya pikipiki ya Boxer, anagundisha kitako cha globu kwenye riflekta. Klipu ya waya inayoibana globu iko chini, imekatika. Nilimnyang'anya ile chupa kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Nawapenda, lakini hili nimelisema mpaka sauti imekauka.

1. Kioo cha globu usikiguse kwa vidole. Mafuta ya mkono yanaiua mapema. Umeshagusa? Pangusa kwa spiriti.

2. Soma namba. Pikipiki zetu nyingi zinatumia 12V 35/35, yaani wati za fulu (mwanga wa mbali) na za dimu (mwanga wa karibu). Ukipachika ya gari, 60/55, mteja ataisifu siku mbili, ya tatu anarudi na soketi iliyoyeyuka. Na anayepiga tupa masikio ya globu, vile vibati vya kitakoni, ili iingie simtaki kwenye benchi langu. Masikio hayalingani makusudi: pana linakaa juu. Ndani ya globu, chini ya kiwaya cha dimu kinachowaka, kuna kikombe kidogo cha bati kinachokinga mwanga. Ukiigeuza globu, dimu inamulika miembe.

3. Klipu iliyokatika. Hapa kaeni.

Mwaka wangu wa kwanza aliniletea pikipiki ya TVS kaka mmoja wa bodaboda, giza linaingia, abiria wa Kisesa anamsubiri. Nikaweka globu mpya, klipu ikanikatikia mkononi kwa sababu niliisukuma kwa bisibisi. Sikumwambia. Niliona aibu, na fundi mkuu alikuwa amekwenda kuswali. Nikatia matone matatu ya supa glu, nikashikilia nikihesabu mpaka sitini. Nikawasha: fulu ipo, dimu ipo. Akalipa, akanishukuru.

Gundi ile haivumilii joto wala mtikisiko, na taa ya mbele ina vyote viwili. Njiani globu iling'oka, ikaning'inia kwa nyaya zake ndani ya taa. Barabara ikapotea, wakaingia mtaroni. Mama aliyepakiwa alichubuka magoti. Kaka yule alivunjika mfupa wa bega, akakaa wiki sita bila kazi, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkataba. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Fundi, ulijua?" Nikamjibu nilijua.

Fundi mkuu aliifungua ile taa mbele yangu. Riflekta ilikuwa na ukungu mweupe wa mvuke wa gundi, na alama ya dole gumba langu imeganda pembeni. Naiona mpaka leo.

Kwa hiyo tengenezeni klipu mpya kwa spoki ya baiskeli. Waya wa kufungia nondo ni laini, ukiupinda umelala. Spoki inarudisha nguvu kama springi. Pimia klipu nzima ya taa nyingine, pinda kwa plaizi. Kama kilichovunjika ni ndoano yenyewe ya plastiki, toboa pembeni, funga skrubu fupi yenye washa (kile kipete cha bati), mbali na pini za globu. Kisha tikisa taa karibu na sikio. Ikilia, fungua tena. Pasiposhika, mwambie mteja anunue taa nzima. Akinuna, anune.

4. Raba inayofunika nyuma ya taa irudishwe. Wadudu wa ziwa wanapotoka kama moshi, wanafuata mwanga. Nimewahi kufungua taa ya dereva wa Igombe nikamwaga wadudu wakavu wa kujaza kiganja, riflekta imepakwa tope lao. Raba ilisahauliwa kwenye droo ya fundi.

5. Usikabidhi kabla ya kumulika ukutani, dereva akiwa amekalia. Dimu iwe chini ya usawa wa taa.

Kijana wa jana nilimpa spoki. Klipu ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili ikapinda vibaya, ya tatu ikabana mpaka ikamkata kidole. Mteja aliondoka nayo saa mbili usiku kwenda Magu. Saa tatu na nusu kijana alikuwa bado amekaa kwenye benchi na simu mkononi, anasubiri kusikia kama amefika. Amefika.