Kabla ya kutaja jina, hesabu miguu

Nilipoanza kuangalia wadudu uani kwetu, hapa Tanga, kosa langu lilikuwa kuzurura. Nafunua jani hili, nahamia lile, natoka kwenye mpera naenda karoni, na jioni daftari lina nzi na mende tu. Siku moja nilichoka, nikavuta kigoda nikakaa chini ya mwembe. Hapo ndipo nilipoanza kuona.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chagua mahali pamoja tu. Shina la mti linatosha, au kipande cha ukuta kisichozidi upana wa mlango. Kaa nusu saa. Dakika kumi za mwanzo utajiona mjinga, usiondoke. Vaa viatu vya kufunika, maana mwembe wa pwani una majimoto, wale chungu (sisimizi) wakali wanaong'ata, na hao hawabishi hodi.

Lakini majimoto ndio walimu wazuri kuliko wote, kwa sababu kazi yao hufanyika hadharani. Tafuta kiota kinachoanza kujengwa. Utaona wameshikana viuno, mmoja nyuma ya mwingine, mnyororo mzima ukivuta ukingo wa jani hadi ukutane na jani la pili. Kisha wanatokea wengine wamebeba mabuu mdomoni. Buu ndiye mwenye uzi. Mkubwa anamgusisha jani hili, anampeleka lile, anamrudisha, na ile hariri inashona. Mara ya kwanza nilisahau hata kuandika. Wenye minazi wanawajua kwa faida nyingine: Zanzibar, miaka ya 1950, watafiti walieleza jinsi majimoto wanavyoilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka mpaka vinadondoka. Ukiwaona juu ya mti wako, usikimbilie dawa.

Sasa aibu yangu. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiandika “majimoto 1, peke yake, upande wa kivuli”. Alikuwa na rangi ileile ya kahawia-chungwa na kiuno kilekile chembamba, na mbele vipapasio viwili vikichezacheza. Ila hakufuata foleni. Foleni ikikaribia, yeye anakwepa. Siku moja nikamsogezea kijiti. Akajirusha kutoka kwenye shina, akabaki ananing'inia hewani. Nikaangalia vizuri: ananing'inia kwenye uzi. Chungu mkubwa hana uzi.

Nikamhesabu miguu alipopanda tena. Sita chini, na vile “vipapasio” viwili ni miguu ya mbele, ameiinua na kuitikisa. Jumla minane. Alikuwa buibui mrukaji anayejifanya chungu. Jina lake la kitaalamu, Myrmarachne, limeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, chungu na buibui. Shuleni tulikariri wote kwamba mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, buibui minane na sehemu mbili. Nililijua hilo vizuri sana, na sikuhesabu hata mara moja.

Lililoniuma ni daftari. Kurasa za nyuma zote zilikuwa na jina, hazina maelezo, hivyo sikuweza kujua yupi alikuwa chungu na yupi buibui. Siku hizi naandika hivi: saa, mahali, rangi, miguu, anafanya nini. Jina naliacha wazi, hata kwa wiki. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, umande hauifuti. Picha za simu piga tatu, ya juu, ya ubavuni na ya uso, kwa kuwa buibui wengi hutambuliwa kwa mpangilio wa macho. Ukizipandisha iNaturalist, tovuti ambako watu hutambua viumbe kwa picha, utakuta watu wa kukusahihisha.

Mambo ya usalama ni machache. Ukifunua jiwe, livute kuelekea kwako, ili nge akiwepo atokee upande wa pili. Ukimaliza lirudishe lilivyokuwa. Na yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, anayefuata taa msimu wa mvua, akikutua shingoni usimpige kofi. Mpulize. Majimaji yake yakipasukia kwenye ngozi, utaamka na malengelenge.

Usiku una raha yake. Shika tochi pembeni ya jicho, usawa wa sikio, umulike nyasi. Vinukta vya kijani vinavyokurudishia mwanga ni macho ya buibui wawindaji. Ukiishika tochi kiunoni huvioni. Nilikuwa katika hali hiyo, nimeinama, jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akanisimamia.

“Mwanangu, umeangusha nini?”

“Shikamoo mama. Sijaangusha kitu, natafuta buibui.”

“Marahaba. Na huku kwangu ukutani, ndiko hujawaona?”

Kweli. Chini ya taa ya baraza yake walikuwa warukaji watatu, wakivizia kila kilichotua. Tulikaa naye mpaka mmoja akadaka mbu, na yeye ndiye aliyeona kwanza.

Kama unaishi upande wa Ziwa Victoria, baraza yako ina kitu ambacho mimi sina. Watafiti waliofanya kazi kwenye kituo cha Mbita, Kenya, cha taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, walitangaza mwaka 2005 kwamba buibui mrukaji mmoja wa huko, Evarcha culicivora, huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko windo jingine. Yeye hamng'ati mtu. Damu anaipatia tumboni mwa mbu. Ni mdogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Akipumzika hukaa kwenye nyasi karibu na nyumba, akitaka kula hupanda ukutani. Weka kigoda hapo.