Kabla ya Kutupa Katriji ya Wino

Printa ya nyumbani ikianza kutoa mistari myeupe, au karatasi ikitoka tupu kabisa, wengi hufanya moja kati ya mawili: kuamuru usafishaji mfululizo hadi wino uishe, au kwenda kununua katriji mpya. Yote mawili ni hasara usipojua kwanza kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kiko wapi.

Kwenye HP DeskJet nyingi na Canon PIXMA za bei nafuu, zile zenye katriji mbili, moja nyeusi na moja ya rangi tatu, kichwa kimo kwenye katriji yenyewe. Igeuze utaona kibao chenye vidoti vya shaba, na chini yake bamba jembamba lenye vitundu vidogo mno. Kila kitundu kina kihita chake: wino unachemka ghafla, kiputo cha mvuke kinasukuma tone nje. Ukinunua katriji mpya umenunua na kichwa kipya. Epson ni habari nyingine. Ziwe za katriji au za matangi kama L3110 na L3250, kichwa kimefungwa ndani ya mashine, na vitundu vikiziba wino mpya hausaidii chochote.

Pima kwa ukurasa wa majaribio ya vitundu, unaopatikana kwenye menyu ya matengenezo. Usipime kwa barua au picha, hutajua kipi kimekosekana. Rangi moja ikiwa na mapengo madogo, vitundu vimekauka. Rangi nzima ikikosekana, ama wino umeisha, ama hewa imenasa, ama kichwa kimeungua. Ukurasa huo ukitoka bila mapengo lakini picha bado ni mbaya, achana na wino kabisa. Tazama aina ya karatasi uliyochagua kwenye kompyuta.

Kwa katriji yenye kichwa chake, kipimo cha uhakika ni tishu. Kunja tishu mara nne, ilowanishe kidogo, kandamiza vitundu juu yake kwa sekunde chache. Nyeusi iache mstari mmoja mzito. Ya rangi iache mitatu iliyoachana: bluu, majenta (waridi iliyokoza) na njano. Mistari ikitoka, wino unafika kwenye vitundu. Isipotoka, weka maji ya uvuguvugu kwenye kisahani, kina cha milimita 2 au 3, simamisha katriji vitundu vikiwa chini kwa dakika 5, kisha rudia tishu. Maji yasifike kwenye shaba. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari, na soma chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Maji ya bomba, hata yakichemshwa, yana chumvi inayobaki kwenye vitundu.

Wino ukitoka vizuri kwenye tishu halafu ukapotea baada ya kurasa mbili tatu, shaka matundu ya hewa yaliyo juu ya katriji. Wino ukitoka lazima hewa iingie. Anayejaza katriji akaziba juu kote kwa gundi ya karatasi hutengeneza ugonjwa huu mwenyewe. Kwenye katriji mpya, hakikisha utepe wa plastiki unaofunika vitundu umeondoka wote, na wala usiurudishe: ukibandikwa tena huchanganya rangi.

Printa ikisema katriji haitambuliki au ina hitilafu, toa zote mbili. Futa shaba ya katriji na pini za ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kilicholowa kidogo maji hayo hayo, ziache zikauke dakika 10, rudisha hadi usikie mlio wa kufunga. Ujumbe ukibaki, kwenye HP za aina hii toa moja na uwashe na nyingine. Nyingi hukubali kuchapa kwa katriji moja. Ujumbe ukiondoka, mbovu ni ile iliyo mkononi mwako. Kwa kawaida vihita vyake vimeungua kwa sababu ilichapishwa ikiwa kavu, maana wino ndio unaovipoza. Hiyo haina dawa.

Kuna katriji nzima kabisa ambazo printa huzikataa. HP ina ulinzi unaofunga katriji kwenye printa ya kwanza iliyoitumia, na pia hugawa katriji kwa kanda za dunia. Kwa hiyo katriji uliyoletewa na ndugu kutoka Ulaya inaweza kukataliwa na printa iliyonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam. Ujumbe wa wino kwisha ni jambo dogo zaidi. HP ikidai katriji uliyojaza ni tupu, bonyeza Sawa uendelee. Canon za aina ya MG2500 zikionyesha E13 au E16, shikilia kitufe cha kusimamisha kwa angalau sekunde 5. Kuanzia hapo printa haipimi tena kiwango cha katriji hiyo, kwa hiyo kazi ya kuangalia ni yako.

Ukijaza kwa sindano, jaza kabla haijakauka. Nyeusi ndogo inatosha mililita 3 hadi 5, kila rangi 1 hadi 1.5. Ingiza sindano polepole kwenye tundu la juu hadi katikati ya sponji na usukume taratibu. Wino ukionekana mdomoni mwa tundu, acha na uvute kidogo. Usidhani mpangilio wa rangi ni mmoja kwa katriji zote: chovya kijiti cha meno kila tundu uone. Na uliza wino ni wa aina gani. Nyeusi ya HP na Canon za katriji mbili mara nyingi ni ya pigimenti, ile yenye chembe, na rangi zake ni za kuyeyuka. Pigimenti ikiingia kwenye katriji ya rangi au kwenye tangi la L3110 inaziba vitundu.

Kwenye Epson, safisha kichwa kwa amri ya menyu, chapa ukurasa wa majaribio, rudia hadi mara 3. Bado? Acha printa kwa muda wa saa 12 bila kuchapa. Ndipo urudie. Usafishaji mkubwa (Power Cleaning) uwe wa mwisho kabisa, matangi yakiwa na angalau theluthi moja ya wino, kwani wino wote huo huishia kwenye sponji ya taka ndani ya mashine, nayo ikijaa printa hugoma.

Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, hasa sehemu kavu kama Dodoma. Zima printa kwa kitufe chake, siyo swichi ya ukutani, ili kichwa kirudi pembeni kifunikwe kisikauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kimebaki wazi. Umeme ukirudi tu, iwashe printa kisha izime kwa kitufe, hata kama huna cha kuchapa.