Digadi moja, madigadi mawili

SWALI: Mwanangu wa gredi ya sita aliandika katika insha, "Digadi la pikipiki lilivunjika." Mwalimu akalipigia mstari mwekundu na kuandika juu yake "madigadi". Fundi wetu hapa Kondele, Kisumu, naye husema "digadi imepasuka". Nani yuko sawa?

JIBU: Mtoto. Neno limetoka kwa mudguard la Kiingereza, kile kikinga tope kilicho juu ya gurudumu. Huko kwao ile "ma" si kiambishi. Ni mwanzo wa mud, yaani tope. Lakini sikio la Mswahili liliisikia kama ma- ya madirisha. Tena pikipiki huwa nayo mawili, la mbele na la nyuma, basi wingi ukaonekana una maana. Moja likawa digadi, ngeli ya LI-YA.

Huenda mwalimu anatetea asili ya neno. Kwa hoja hiyo ingebidi tuache kusema "vitabu" pia, maana kitabu ni kitab cha Kiarabu, na ile ki- ni ya mzizi: k, t na b hizo hizo ndizo zilizomo katika katibu na maktaba. Waarabu wenyewe wingi wao ni kutub.

Kiingereza nacho kimekatakata hivi hivi. Zamani njegere iliitwa pease, hata ikiwa moja. Watu wakadhani ile s ya mwisho ni ya wingi, wakaitupa, likabaki pea. Aproni nayo ilikuwa napron. A napron ikasikika an apron, na n ikahamia kwa jirani.

Fundi jina analo, upatanisho ndio umemponyoka. Huku bara i- imegeuzwa kiraka cha kila ngeli. Sanifu ni "digadi limepasuka, madigadi yamepasuka". Na akifika kwenye taa, asiseme "mawaya imekatika": waya umekatika, nyaya zimekatika, kwa mfano wa wayo na nyayo.

Ila si kila "ma" hukatwa. Mashine haikuzaa "shine". Ni mashine hii, mashine hizi. Kalamu nyekundu ingefaa zaidi kwa "madigadi moja", ambalo kwenye magereji husikika sana.