Kiangazi kwenye benki ya uwekezaji London: kazi yenyewe

Mdogo wangu, umeuliza kama wanafunzi wanaochukuliwa na benki za uwekezaji London (zile zinazosaidia kampuni kutafuta mitaji na kununua kampuni nyingine) wakati wa likizo wanafanya kazi kweli au wanatumwa kahawa tu. Kazi ipo, tena ya kukesha. Mafunzo huchukua kama wiki 9 au 10, kuanzia Juni. Usitegemee kukaa na wakubwa mkijadili kampuni ipi inunue ipi. Utaishi ndani ya Excel na PowerPoint: kukusanya hesabu za kampuni zinazofanana, kulinganisha bei ya hisa na faida, kupanga kurasa za kumshawishi mteja. Saa tatu usiku faili linarudi: rangi ya grafu si ya benki, na jumla ya ukurasa wa 14 haifanani na ya ukurasa wa 3. Unaanza kutafuta ilikopotelea, tarakimu moja moja.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mchana unaweza kukaa bure, kazi ikamwagwa jioni. Mwaka 2015 Goldman Sachs, mojawapo ya benki hizi, iliwakataza wanafunzi hawa kuwa ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Hadi itoke amri, jua hali ilikuwaje! Malipo ni mazuri, hilo sibishi.

Kama bado unataka, omba tangu Septemba ya mwaka uliotangulia. Ukingoja Januari, nafasi nyingi zimeshakwenda, na wengi wanaoajiriwa baada ya chuo hutoka humo humo kwenye kundi la kiangazi.