Maswali ya Wasomaji: Mwanangu anapima mionzi

SWALI: Mwanangu ameajiriwa kupima mionzi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg, karibu na Cape Town. Majirani wanasema atarudi tasa, na nguo zake zisifuliwe pamoja na zetu. Nimkataze? – Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Kazi hiyo nimeifanya miaka tisa, na mama yangu naye alilia hivyo hivyo.

Mwanao ndiye anayetangulia. Kabla fundi hajagusa pampu, yeye huingia na kipimo mkononi, akapangusa sakafu kwa kitambaa kidogo na kukipima kama kimebeba vumbi lenye mionzi. Kisha humwambia fundi: hapa dakika kumi, pale usisimame kabisa. Hatua zina maana kubwa: ukiwa mbali mara mbili na chanzo kidogo, mionzi hupungua hadi robo.

Kifuani huvaa kibeji kinachorekodi kila anachopokea. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka; milisiverti ni kizio cha mionzi ambayo mwili umepokea. Utasa wa kudumu kwa mwanamume huhitaji maelfu kwa mpigo. Hatari ya saratani haifutiki kabisa, sitakuficha, ndiyo maana tunabana hata kile kidogo. Muulize kila mwaka kibeji kimesoma ngapi. Ana haki ya kujua.

Ovaroli hubaki kazini, na hatoki kabla mashine haijampima kuanzia viganja hadi nyayo. Nguo anazorudi nazo, mama, zifue na zenu.